Mwongozo kamili: jinsi ya kusoma nyaraka zilizombana mtawala, kuanzia Magna Carta mpaka katiba yako mwenyewe

Watu wengi wakitaka kujua serikali zilianzaje kuwekewa mipaka wanafungua Tamko la Uhuru la Marekani, wanasoma ile sentensi ya watu wote kuumbwa sawa, wanasisimka kidogo, wanafunga. Siku nyingine wanajaribu Magna Carta, ile hati ya 1215 iliyombana mfalme wa Uingereza, wanakutana na vifungu vya madeni ya marehemu na mitego ya samaki mtoni, wanachoka, wanasema mbona hamna kitu humu. Kitu kipo, tena kingi, ila hizi nyaraka ukizisoma kama hotuba zitakuboa. Zisome kama jalada la kesi: nani analalamika, analalamikia nini, anataka afanyiwe nini, na ikishaamuliwa hivyo nani wa kutekeleza. Hilo la mwisho nitalirudia mpaka utachoka, maana ndo swali linalotenganisha hati iliyofanya kazi na hati iliyobaki karatasi: mtawala akikataa, nani atamshika mkono?

Vifaa ni vichache. Daftari, kalamu ya wino na nyingine ya rangi, bando la kawaida tu, na nakala ya katiba ya nchi yako (ya Tanzania ipo kwa Kiswahili, ya Kenya nayo ina tafsiri). Usikimbilie kumaliza kwa siku moja, gawa kwa jioni kadhaa.

Hatua ya 1: Tafuta maandishi yenyewe, na ujue umeshika toleo gani

Achana na muhtasari kwanza. Nyaraka zenyewe ni fupi kuliko unavyodhani. Mkataba wa Mayflower wa 1620 (wa abiria wa meli waliohamia Amerika) una kama maneno 200, ni aya moja ya WhatsApp. Tamko la Uhuru la 1776 lina kama maneno 1,300. Katiba ya Marekani ya 1787 kabla ya kuongezwa marekebisho ni kama maneno 4,500. Zote zipo bure kwenye tovuti ya kumbukumbu za taifa za Marekani, na zile za Uingereza utazipata kwenye mkusanyo wa Avalon wa chuo cha sheria cha Yale, ambapo Magna Carta wameitoa Kilatini wakaiweka kwa Kiingereza cha kueleweka.

Hapa kwenye Magna Carta kuna mtego. Hati iliyokubaliwa Juni 1215 siyo ile iliyoingia kwenye sheria za Uingereza. Ilitolewa upya 1216, 1217, 1225, afu Mfalme Edward wa Kwanza akaithibitisha 1297, na njiani kuna vitu vilikatwa na namba zikabadilika (tena hizo namba 63 tunazotumia kwa ile ya 1215 ni za wasomi wa baadaye, hati yenyewe imeandikwa mfululizo bila namba). Kwa hiyo mtu akikwambia "kifungu cha 39" anaongelea ya 1215, na akikwambia "sura ya 29" anaongelea ya 1225 au 1297, na ni maneno yaleyale karibu yote. Ukiifungua kwenye tovuti ya sheria za Uingereza utakuta ya 1297, na vingi vimeshafutwa, vimebaki vichache tu: uhuru wa kanisa, haki za jiji la London, na hiyo 29. Usidhani faili limeharibika.

Matoleo haya yanachanganya hata wakubwa. Chuo Kikuu cha Harvard kilinunua nakala moja 1946 kwa dola 27 na senti 50 kikijua ni kopi ya kawaida, na 2025 ndo wataalamu wakatangaza kwamba ni hati halisi ya mwaka 1300.

Hatua ya 2: Kabla hujasoma kifungu hata kimoja, jua ugomvi ulikuwa nini

Andika juu ya ukurasa wa daftari: hela, vita, kukamatwa. Karibu kila hati ya aina hii inazaliwa na hivyo vitatu.

Mfano Magna Carta. Mfalme John alipoteza Normandy, eneo lake kule Ufaransa, 1204, na akawa anataka kuirudisha kwa nguvu, na vita ni gharama, kwa hiyo akawakamua mabaroni wake (mabwana wakubwa wenye ardhi) kila namna. Kulikuwa na hela anayolipa bwana mwenye ardhi badala ya kwenda vitani, John akawa anaidai mara kwa mara na kwa viwango vya juu. Mtu akifariki mrithi anadaiwa pesa ndefu ndo apewe ardhi ya baba yake. Wajane wanalazimishwa kuolewa na watu wa mfalme, au walipe ili waachwe. Julai 1214 washirika wake wakapigwa vibaya kwenye vita vya Bouvines, hela yote imekwenda na ushindi hamna. Mei 1215 mabaroni wakaingia London, na mwezi uliofuata, tarehe 15 Juni, wakakutana naye uwanda wa Runnymede kando ya mto Thames. Hakusaini chochote, iligongwa muhuri, zile picha za John ameshika kalamu ni za wachoraji wa baadaye.

Ukishajua hivyo ndo unaona kwamba waliokuwa pale hawakuja kutetea haki za binadamu. Walikuja kutetea mifuko yao. Na mimi naona hiyo ndo sehemu nzuri ya hadithi, kwamba kanuni ambayo dunia nzima inaitaja leo ilitoka kwa matajiri waliochoka kukamuliwa.

Hatua ya 3: Soma Magna Carta kwa kuruka, na ukae pale penye uzito

Mstari wa kwanza mpaka wa mwisho haikufai. Pita hivi.

Anza na vifungu vidogo vya mtaani, maana ndo vinakuonyesha serikali ilikuwa inamuumiza mtu kwa njia gani. Cha 28 kinasema ofisa wa mfalme asichukue nafaka ya mtu bila kulipa papo hapo, labda mwenyewe akubali kusubiri. Cha 31 kinakataza kuchukua mbao za mtu kwa ajili ya ngome. Cha 33 kinaamuru ile mitego ya samaki iondolewe Thames na Medway, maana ilikuwa inaziba njia ya vyombo. Cha 35 kinataka kipimo kimoja cha mvinyo, bia na nafaka nchi nzima. Cha 20 nakipenda sana: faini ilingane na kosa, na hata kosa likiwa kubwa mfanyabiashara asinyang'anywe bidhaa zake wala mkulima vifaa vyake vya kulimia. Yani muadhibu mtu ila usimuue njaa. Ukisoma hiki afu ukawaza mgambo anavyobeba beseni zima la maembe la mama kwa kosa la kupanga biashara pembeni ya barabara, utaona kifungu cha 1215 bado kina kazi ya kufanya.

Baada ya hapo soma cha 12, kwamba ile hela ya vita isitozwe bila shauri la pamoja la ufalme. Halafu cha 39 na 40, hivi visome mara tatu, nakili kwa mkono. Cha 39 kwa maneno yangu: mtu huru asikamatwe wala kufungwa wala kunyang'anywa mali wala kufukuzwa nchini wala kuangamizwa kwa namna yoyote, isipokuwa kwa hukumu halali ya wenzake au kwa sheria ya nchi. Cha 40: hatutamuuzia mtu haki, hatutamnyima, hatutamcheleweshea. Ona hapo penye kuchelewesha, wamekuweka sawa na kunyima. Piga mstari pia chini ya "mtu huru", tutarudi.

Vifungu vya 10 na 11 vinahusu madeni kwa Wayahudi, na cha 54 kinazuia mtu kukamatwa kwa mashtaka ya mwanamke kuhusu kifo cha mtu isipokuwa mumewe. Usiviruke kwa aibu, viandike pembeni.

Hatua ya 4: Tafuta kifungu cha utekelezaji, hapa ndo penye roho

Nenda cha 61, ndo kirefu kuliko vyote. Kinasema mabaroni wachague wenzao 25, mfalme au watu wake wakikiuka, wanne kati ya hao wanamfuata wanamwambia, akikaa siku 40 bila kurekebisha, wale 25 wakishirikiana na watu wa nchi nzima wanaruhusiwa kumbana kwa kushika ngome zake, ardhi na mali, ila wasimguse yeye mwenyewe, malkia wala watoto. Yani mfalme amegonga muhuri kwenye karatasi inayoruhusu apigwe vita! Bila shaka haikudumu. John alikuwa ameshaiweka Uingereza chini ya Papa tangu 1213, kwa hiyo akakata rufaa Roma, na tarehe 24 Agosti 1215 Papa Innocent wa Tatu akaibatilisha hati nzima. Haijafika hata miezi mitatu. Vita vikaanza, John akafa Oktoba 1216, na waliokuwa wakimlea mwanawe mdogo Henry ndo wakaitoa tena ili kuwavuta mabaroni warudi, ila cha 61 wakakitoa na hakikurudi kamwe.

Kwa hiyo kwenye daftari, Magna Carta ya 1215, nani atamshika mkono: mabaroni 25 wenye silaha. Matokeo: vita.

Sasa ruka miaka 400 uone walivyojaribu tena. Mfalme Charles wa Kwanza anataka hela ya vita, Bunge linagoma, yeye anawalazimisha watu wenye uwezo wamkopeshe, wanaokataa anawaweka ndani bila kutaja kosa. Mwaka 1628 Bunge, likiongozwa na mwanasheria mzee Edward Coke, likampelekea Ombi la Haki. Lisome, ni fupi, utaona linanukuu Magna Carta kama ushahidi mahakamani, linadai mambo manne: hakuna kodi wala mkopo wa lazima bila Bunge, hakuna kufunga mtu bila sababu, hakuna kuwapangisha askari kwenye nyumba za watu, hakuna sheria ya kijeshi kwa raia wakati wa amani. Charles akakubali, afu 1629 akalivunja Bunge na kutawala miaka 11 peke yake. Nani wa kumshika mkono? Hakuna aliyeandikwa. Ikaishia vita kuanzia 1642 na mfalme kukatwa kichwa Januari 1649.

Hati ya Haki ya 1689 ndo ilipata dawa, na dawa yenyewe ukitafuta kwa maneno makubwa hutaiona. Mfalme James wa Pili amekimbia, William na Mary wamepewa kiti, na kabla ya kupewa wakasomewa orodha: mfalme hawezi kusimamisha sheria bila Bunge, hawezi kutoza kodi bila Bunge, hawezi kuweka jeshi la kudumu wakati wa amani bila Bunge, uchaguzi wa wabunge uwe huru, maneno ya mbunge ndani ya Bunge yasihojiwe mahakamani, dhamana isiwe ya kupita kiasi, adhabu zisiwe za kikatili. Halafu angalia walivyoifunga: sheria ya nidhamu ya jeshi ya mwaka huohuo ikawekwa ya muda mfupi, na desturi ikawa inapitishwa upya kila mwaka. Mfalme asipoliita Bunge, sheria inaisha, jeshi linakosa msingi wa kuadhibu mtoro. Hela nayo ikawa inatolewa kidogokidogo. Hapo mtawala ameshikwa mkono na tarehe ya kuisha muda, bila upanga. (Hati hiyohiyo inawafungia Wakatoliki kiti cha ufalme, kwa hiyo msiibebe kama malaika.)

Hatua ya 5: Soma Tamko la 1776 kuanzia katikati, ukiwa na Katiba ya 1787 pembeni

Hii ndo hatua ninayoipenda kuliko zote, ipe jioni nzima. Aya ya pili ya Tamko, ile maarufu, iache kwanza. Nenda kwenye orodha, mistari mingi inaanza na "ame...", yani mfalme wa Uingereza, aliyekuwa anayatawala makoloni hayo, amefanya hiki, amefanya kile. Kwa kawaida wanahesabu malalamiko 27. Gawa ukurasa wa daftari sehemu mbili, kushoto andika lalamiko, kulia tafuta kwenye Katiba ya 1787 au Marekebisho 10 ya 1791 dawa yake.

Nakuonyesha moja. Kushoto: amewafanya majaji wategemee matakwa yake peke yake kwa kukaa kazini na kwa kulipwa mshahara. Uingereza kwenyewe majaji walishalindwa na sheria ya 1701, makoloni hawakupewa kinga hiyo. Kulia, nenda Ibara ya Tatu ya Katiba, sehemu ya kwanza kabisa: majaji watakaa kazini maadamu wana mwenendo mzuri, na malipo yao hayatapunguzwa wakiwa kazini. Umeona? Lalamiko la 1776 limekuwa kifungu 1787, neno kwa neno karibu. Hata Kenya Katiba ya 2010 ibara ya 160 inakataza mshahara wa jaji kubadilishwa kwa hasara yake.

Nyingine ya kuchekesha: ameyaita mabaraza ya kutunga sheria mahali pasipo pa kawaida, pasipo starehe, mbali na kumbukumbu zao, kusudi awachoshe wakubali. Hiyo ilitokea Massachusetts, gavana alilihamisha baraza kutoka Boston kwenda Cambridge 1769. Umbali ni mfupi tu, ila mafaili yamebaki kule, vikao vinakwama, ndo ukandamizaji wa kiofisi huo, anayeujua anaujua.

Endelea hivyo: kodi bila ridhaa yetu, kulia Ibara ya Kwanza, miswada ya kuingiza mapato ianzie baraza la wawakilishi. Amevunja mabaraza mara kwa mara, kulia Bunge lazima likutane angalau mara moja kwa mwaka. Ametunyima kesi mbele ya wazee wa baraza, kulia Marekebisho ya 6 na ya 7. Mengine hayatakuwa na dawa, acha wazi.

Ukimaliza ndo rudi kwenye aya ya pili. Sasa utaisoma tofauti, kwamba serikali zinapata mamlaka yao halali kwa ridhaa ya wanaotawaliwa, maana umeshaona ridhaa inanyimwaje. Tarehe: kura ya kujitenga ilipigwa 2 Julai, maandishi yakapitishwa 4 Julai, na wengi kati ya wale 56 walisaini 2 Agosti.

Katiba yenyewe nani anashika mkono? Hapa soma insha namba 51 kati ya zile 85 za magazetini zilizoandikwa na Hamilton, Madison na Jay 1787 na 1788 kuwashawishi watu waikubali. Hoja yake ni kwamba binadamu wangekuwa malaika serikali isingehitajika, na kwa kuwa sio, basi tamaa ya mmoja iwekwe ikabane tamaa ya mwingine. Rais anazuia mswada, Bunge kwa theluthi mbili linampita. Rais ni amiri jeshi, ila Bunge ndo linatoa hela ya jeshi na haliruhusiwi kuitenga kwa zaidi ya miaka 2. Ona hiyo miaka 2, ni ileile akili ya 1689. Usiishie kwa upande mmoja lakini, waliopinga katiba nao waliandika, na kelele zao ndo zilizaa yale Marekebisho 10, yaliyoidhinishwa Desemba 1791. Watu wa upinzani walishindwa kura ila wakapata walichotaka.

Hatua ya 6: Chagua uzi mmoja uufuate toka mwanzo hadi mwisho

Kazi fupi hii. Chukua kalamu ya rangi, chagua jambo moja. Mimi napendekeza askari majumbani kwa sababu ni rahisi kuliona. 1628: makundi ya askari na mabaharia wamesambazwa wilayani na watu wanalazimishwa kuwapokea. 1689: James analaumiwa kuwapangisha askari kinyume cha sheria. 1776: mfalme amepanga vikosi vikubwa kati yetu. 1791: Marekebisho ya 3, wakati wa amani hakuna askari atakayewekwa nyumbani kwa mtu bila ridhaa ya mwenye nyumba. Ukipata huo umeelewa namna hizi hati zinavyorithishana. Kukamatwa bila sababu ni uzi mwingine mzuri, ukifuata usisahau sheria ya 1354 ambayo ilibadili "mtu huru" ikawa mtu yeyote wa hadhi yoyote.

Hatua ya 7: Hesabu nani hayumo

Ule mstari uliopiga chini ya "mtu huru", rudi. Mwaka 1215 sehemu kubwa ya watu wa Uingereza walikuwa wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya bwana, hawakuwa huru kisheria, kwa hiyo cha 39 hakikuwahusu.

Marekani ndo pabaya zaidi. Jefferson aliyeandika "wote wameumbwa sawa" alimiliki watumwa zaidi ya 600 maishani mwake. Rasimu yake ilikuwa na aya inayomlaumu mfalme kwa biashara ya watumwa, ikakatwa na kikao. Mwishoni mwa orodha ya malalamiko utakuta wenyeji wa asili wanaitwa washenzi wasio na huruma. Kwenye Katiba tafuta sehemu tatu: Ibara ya 1 sehemu ya 2 (mtumwa kuhesabiwa kama sehemu tatu kati ya tano za mtu katika kugawa viti, ili bwana wake apate uwakilishi zaidi), sehemu ya 9 (uingizaji usipigwe marufuku kabla ya 1808), na Ibara ya 4 sehemu ya 2 (aliyetoroka arudishwe). Neno mtumwa hutalikuta popote, wanazunguka tu, "watu wengine wote", "mtu anayedaiwa utumishi". Walijua wanachoficha.

Halafu usiishie kulaani, angalia waliofungiwa nje walivyoichukua hati hiyohiyo. Mwaka 1848 kule Seneca Falls, Marekani, wanawake waliandika tamko lao kwa kunakili lile la 1776, wakaingiza "wanaume na wanawake wote", na yule "amefanya hiki" wa kwenye orodha badala ya mfalme akawa mwanaume. Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani, tarehe 5 Julai 1852 akawauliza Wamarekani weupe sikukuu yenu ya uhuru ina maana gani kwa mtumwa. Na Nelson Mandela, kizimbani Aprili 1964, aliitaja Magna Carta, Ombi la Haki na Hati ya Haki kama nyaraka zinazoheshimiwa na wapenda demokrasia duniani kote, anawaambia hivyo watu wanaotaka kumnyonga.

Hatua ya 8: Tenga kujitawala na kuwekewa mipaka

Hivi ni vitu viwili, vinachanganywa sana. Serikali inaweza kuwa ya wenyewe na isiwe na mipaka. Mayflower ni mfano wa kujitawala mtupu: Novemba 1620 meli imefika Cape Cod kwenye pwani ya Amerika, nje ya eneo la kibali chao, baadhi ya abiria wanasema basi hapa hakuna wa kutuamrisha, ndo wanaume 41 wakasaini kwamba wanaungana kuwa jamii moja ya kiraia na watatii sheria za haki watakazotunga. Mipaka ya viongozi haijaguswa hata kidogo.

Kwetu uzi wa kujitawala unapita kwingine. Mkataba wa Atlantiki wa Agosti 1941, wa Rais Roosevelt wa Marekani na Waziri Mkuu Churchill wa Uingereza, ulisema mataifa yote yana haki ya kuchagua serikali yao, Waafrika wakausoma kama ulivyoandikwa, Churchill mwezi uliofuata akaliambia Bunge lake kwamba walilenga Ulaya iliyotekwa na Wanazi. Ukaja Mkataba wa Umoja wa Mataifa 1945, soma ibara ya 76: maeneo ya udhamini (yanayotawaliwa chini ya uangalizi wa Umoja wa Mataifa) yaongozwe kuelekea kujitawala au uhuru. Tanganyika ilikuwa eneo la udhamini, Kenya ilikuwa koloni, na ndo maana Nyerere mwaka 1955 aliweza kwenda New York kusimama mbele ya Baraza la Udhamini kwa niaba ya TANU, mlango ambao Mkenya hakuwa nao.

Ila uhuru wa 1961 ulikuja bila orodha ya haki za raia ndani ya katiba, serikali ilikataa ikisema itakwamisha maendeleo. Haki ziliingia kwa marekebisho ya 1984, na mahakama zikaanza kuzitumia 1988. Kujitawala kulitangulia, mipaka ikaja miaka zaidi ya 20 baadaye.

Hatua ya 9: Fungua katiba yako, uliza lile swali

Kwa Tanzania anza na hizi. Ibara ya 138, hakuna kodi isipokuwa kwa sheria iliyotungwa na Bunge: ndugu yake ni cha 12 cha Runnymede. Ibara ya 100, uhuru wa mawazo na majadiliano bungeni hauhojiwi mahakamani: hiyo ni 1689 imevaa kanzu. Ibara ya 13(6), adhabu za kinyama marufuku, 1689 tena.

Sasa ibara ya 8, inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote na serikali inapata madaraka yake kutoka kwao. Tamu kabisa, ni 1776 hiyo. Ila rudi nyuma ukurasa mmoja usome ibara ya 7(2): masharti ya sehemu hiyo hayatatiliwa nguvu ya kisheria na mahakama yoyote. Na sehemu hiyo ndimo ilimo ya 8. Kwa hiyo ukiandika kwenye daftari "nani atamshika mkono" mbele ya ibara ya 8, kwa upande wa mahakama jibu ni hakuna, wakati haki za ibara ya 12 hadi 29 unaweza kuzipeleka Mahakama Kuu kwa ibara ya 30(3). Kenya linganisha ibara ya 1 na ya 258, pale kila mtu anaruhusiwa kwenda mahakamani akiona katiba imekiukwa.

Fanya hivyo kwa ibara kama kumi, mbili mbili kwa siku. Mwenye muda mdogo sana achukue Magna Carta 20, 39, 40 na 61, orodha ya malalamiko ya 1776, insha namba 51, afu aruke moja kwa moja kwenye hatua hii ya 9. Na ukifundisha darasani au kikundi, waanzishe wanafunzi na cha 20 kile cha faini, wape mfano wa leo wa mtaani kwao, utaona wanavyoamka.